Chuma, mabati, alumini au stenlesi: ipi yafaa nyumba ya karibu na bahari?

Kusi ikianza tu kuvuma maswali ni yale yale, grili niweke ya chuma nipake rangi ama nitie alumini ama nijikaze ninunue stenlesi kabisa, na paa je, mabati ya kawaida ama haya ya kung'aa ambayo muuzaji anaapa hayashiki kutu maisha. Majibu nayo kila mtu na lake. Fundi asema hivi, duka lasema vile, alafu yuko yule jamaa wa bara aliyejenga Kitengela atakwambia geti lake la chuma lina miaka na miaka na halina hata doa. Sawa kaka, lakini Kitengela hakuna bahari. Hapa Mombasa uwe Nyali, Likoni, Bamburi ama Mji wa Kale, hewa yenyewe ina chumvi.

Mimi nachagua kwa maswali mawili. Kwanza, metali hii yatoa elektroni zake za nje (zile chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomi) kwa urahisi gani? Pili, ikishazitoa, kile kinachobaki juu yake chashika ama chamomonyoka? Watu wote hung'ang'ana na la kwanza, na la pili ndo lenye jibu. Ukilielewa hilo, muuzaji hakubabaishi.

Tuanze na chumvi maana yeye ndo chanzo cha fujo yote. Sodiamu ina elektroni 11, zimepangika ganda kwa ganda 2, 8, 1, na hiyo moja ya nje ndo elektroni valensi yake, haina hamu nayo hata kidogo, mwenye kuitaka aichukue. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7, imepungukiwa moja tu ganda la nje lijae, basi huitafuta kwa nguvu. Sodiamu tupu ukiitia majini yawaka, klorini tupu ni gesi ya sumu, lakini elektroni moja ikihama kutoka huku kwenda kule unapata kitu unachotia kwenye pilau. Ni elementi zile zile mbili, kilichobadilika ni elektroni za nje tu. Kwa grili yako maana yake ni hii: maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, upepo hupeperusha vijitone, vijitone vyakauka juu ya chuma na kuacha ioni, yaani atomi zilizotoa ama kupokea elektroni, za sodiamu na za klorini, na chumvi hiyo yavuta unyevu hewani ndo maana asubuhi chuma kimelowa hata kama usiku hakukunyesha. Maji yenye ioni hupitisha umeme vizuri. Na ioni ya klorini ina tabia nyingine mbaya zaidi, hutoboa tando nyembamba zinazolinda metali. Tutarudi hapo.

Sasa chuma. Elektroni 26: 2, 8, 14, 2. Darasani tuliambiwa valensi ni zile za ganda la mwisho, kwa hiyo chuma ni mbili tu, lakini chuma hakifuati hesabu hiyo kwa sababu zile za ganda la ndani yake, za kikundi kiitwacho d, hazijajaa na zenyewe hushiriki. Kwa hivyo hutoa mbili, alafu kikipata oksijeni ya kutosha chatoa na ya tatu. Kutu ni chuma kilichotoa tatu, kikajiunga na oksijeni na maji. Ile rangi nyekundu ya udongo nayo yatokana na hizo za d ambazo hazijajaa, ndizo zinazohusika na kunyonya sehemu ya mwanga. Zinki d zake zimejaa, alumini haina kabisa, ndo maana "kutu" zao ni unga mweupe, na wengi wakiuona hudhani ni chokaa ama vumbi.

Kutu ya chuma si mbaya kwa sababu ipo, ni mbaya kwa sababu haishiki. Yachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, imejaa vitundu, yainuka, yabanduka, alafu chini yake chuma kipya chajitokeza na mchezo waanza upya, na hausimami mpaka chuma kiishe. Angalia balkoni za maghorofa ya zamani yanayotazama bahari, nondo imefura ndani, zege imepasuka, vipande vimeanguka. Na kama mchanga ulichotwa ufuoni bila kuoshwa basi klorini iliingizwa ndani siku ile ile ya kumwaga zege, hata ukipaka rangi gani.

Ila chuma kina mazuri yake, tusikionee. Ni rahisi bei, ni kigumu, kila welda mjini anakijua. Rangi haibadilishi kitu kwenye elektroni zake, yazuia tu maji na oksijeni visifike, kwa hivyo siku rangi ikipata ufa wa unywele umerudi ulikotoka. Ukiamua chuma, chagua nondo nene isiyo na uwazi ndani badala ya zile tyubu nyembamba, kwa sababu tyubu huoza kutoka ndani ambako brashi haifiki, unaona nje rangi safi kumbe ndani ni unga. Ukilazimika tyubu basi fundi azibe ncha zote kwa weldi. Na kutu ikwanguliwe mpaka chuma king'ae ndo upake ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, si kupaka juu ya kutu kama wengi wanavyofanya siku mbili kabla ya Idi.

Tukija kwa mabati, bati ni chuma kile kile kimevishwa zinki. Mfaransa Stanislas Sorel alichukua hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa mwaka 1837. Zinki ina elektroni 30: 2, 8, 18, 2. Hapa hakuna ubabaishaji wa mbili au tatu, hutoa mbili basi. Wanakemia wana kipimo cha volti cha kuonyesha nani hutoa upesi ndani ya maji, ukishuka chini ya sifuri ndo waonyesha kiherehere cha kutoa: shaba +0.34, chuma −0.44, zinki −0.76, alumini −1.66. Kwa hivyo zinki na chuma zikigusana kwenye unyevu, zinki hutoa zake kwanza na chuma chabaki nazo. Zinki ni mdhamini wa mkopo, chuma kikidaiwa yeye ndo hulipa mpaka afilisike. Ndo sababu bati likikwaruzwa kidogo mkwaruzo hauanzi kutu hapo hapo, wakati chuma cha rangi kikikwaruzwa umeisha.

Lakini atafilisika lini? Tupige hesabu. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, kwa hiyo upande mmoja ni kama mikromita 20 (mikromita ni milimita ukiigawa mara elfu). Kiwango cha ISO 9223, kinachopanga hewa kwa jinsi inavyokula metali, chaweka pwani yenye chumvi nyingi kwenye daraja C5, na huko zinki huliwa mikromita 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Gawanya. Miaka miwili na nusu hadi mitano hivi, zinki imekwisha, baada ya hapo umebaki na chuma tupu juu ya kichwa. Bati hilo hilo ukilipeleka mahali pa daraja C3 zinki huliwa 0.7 hadi 2.1 tu kwa mwaka, kwa hivyo hata kwa hesabu mbaya wapata miaka tisa. Ndo yule jamaa wa Kitengela sasa, hakudanganyi, ila hewa yake si yako. Na tafadhali usichanganye geji na zinki, geji 28 ama 30 ni unene wa bati zima, duka laweza kukuuzia bati nene lenye zinki ya kuhesabika, uliza gramu za zinki, wakishindwa kukujibu ondoka.

Mbona zinki yaliwa upesi hivyo kwetu? Mahali pa hewa safi huota utando wa kabonati ambao hupunguza kasi, lakini klorini ikiingia hutengeneza chumvi za zinki zinazoyeyuka na mvua huziondoa. Alafu kuna jambo watu hawalitegemei, sehemu inayooza kwanza mara nyingi si juu, ni chini ya ukingo wa paa, kwa sababu juu mvua yaosha chumvi na chini haioshi.

Alumini ndo yenye utata mtamu. Rudi kwenye zile volti, −1.66, kwa hesabu hiyo alumini yafaa ioze mbele ya wote, kabla ya zinki na kabla ya chuma. Ina elektroni 13, 2, 8, 3, na zile tatu huzitoa kwa pupa kweli kweli. Sasa mbona madirisha ya alumini ya Nyali yapo? Kwa sababu ya swali la pili. Ioni yake ina chaji tatu na ni ndogo, kwa hiyo hushikana na oksijeni kwa nguvu sana, na oksaidi inayotokea yakaa juu ya metali bila vitundu, haifuri na haibanduki. Unene wake ni nanomita chache tu, nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni, na ukikwaruza utando mwingine waota papo hapo. Yaani pupa yake ndo kinga yake. Kitu cha kwanza inachofanya ikikutana na hewa ni kujifungia mlango.

Utando huo ni mgumu kuyeyuka, alumini huyeyuka nyuzi 660 za selsiasi na utando wake karibu 2,050, ndo sababu welda wa kawaida wa kando ya barabara hawezi alumini, utando hauyeyuki huku metali chini ishamwagika, yahitaji mashine na gesi ya agoni. Kwa hivyo madirisha hukatwa na kufungwa kwa skrubu na riveti. Ni nyepesi pia, gramu 2.7 kwa sentimita ujazo wakati chuma ni karibu 7.9, fremu kubwa ya mlango wa kuteleza haikuumizi.

Udhaifu wake ni mitatu. Klorini hutoboa vishimo vidogo vidogo, utaona madoadoa meupe, kwa hivyo nunua iliyopakwa rangi ya unga ama iliyofanyiwa anodaizi, yaani utando wake umeneneshwa kwa umeme, na kwa mbele ya bahari omba anodaizi ya mikromita 20 hadi 25. Pili, utando wayeyuka kwenye vitu vya asidi kali na vya alkali pia, saruji mbichi, chokaa, soda ya kuzibua mabomba, kwa hivyo fundi wa plasta akimwagia fremu saruji aipanguse saa hiyo hiyo, ikikauka yaacha alama ambayo haitoki. Tatu, ni laini. Mwizi mwenye msumeno hachukui muda. Kwa hiyo dirisha la alumini, ndio. Grili ya alumini ya kuzuia mwizi, hapana, hilo mimi siwezi kukushauri.

Katikati ya hizo mbili kuna yale mabati ya alumini na zinki pamoja, asilimia 55 alumini, kama 43.4 zinki na silikoni kidogo. Zinki hulinda mahali palipokatwa, alumini huweka utando. Kwa paa la pwani, kama mfuko hauruhusu bati la alumini tupu, mimi hapo ndo ningesimama, tena yaliyopakwa rangi kiwandani.

Stenlesi nayo si metali nyingine, ni chuma kilichochanganywa na kromi angalau asilimia 10.5. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliitengeneza 1913 akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Kromi ina elektroni 24, 2, 8, 13, 1, yaani ukihesabu ya nje tu ni moja, lakini kama chuma zile za d hushiriki, na kwenye hewa hutoa tatu na kuota utando mwembamba unaoshika kama ule wa alumini. Umeona sasa? Chuma na kromi ziko karibu karibu kwenye jedwali la elementi, mstari mmoja, zote hufika tatu, mmoja kutu yake yabanduka mwingine utando wake washika. Ukiuliza nani hutoa upesi utachagua vibaya kabisa.

Zipo nyingi lakini utakazouziwa sana ni 304 na 316. 304 ina kromi kama 18 na nikeli kama 8. 316 imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndo yasaidia utando ustahimili klorini. Mbele ya bahari 304 huota madoa ya rangi ya chai, haiozi upesi ila yachukiza kwa bei uliyolipa, 316 hukawia zaidi. Angalia mchezo wa sumaku, muuzaji aweka sumaku haishiki akwambia "ona, orijino". 304 na 316 zote kwa kawaida sumaku haizishiki, na hata 201 ya bei rahisi ambayo nikeli yake imepunguzwa ikatiwa manganizi pia haishiki vile vile. Sumaku haikwambii kitu hapo, omba cheti ama nunua kwa mtu atakayeandika 316 kwenye risiti. Na fundi asitumie diski ya grainda aliyosagia chuma, chembe za chuma zakwama juu ya stenlesi na wiki chache mbele grili imejaa vidoa vyekundu, watu wanalaumu stenlesi kumbe ni diski. Pale penye weldi napo pawe pamesafishwa mpaka ile rangi ya buluu na kahawia iondoke.

Haya, sasa unachagua alumini kwa dirisha na chuma ama stenlesi kwa grili, na hapo ndo watu huharibu kila kitu, kwa sababu ukizigusanisha metali mbili zenye volti tofauti kwenye unyevu wa chumvi umetengeneza betri, na anayetoa upesi ndo huliwa. Waingereza waliligundua hili kwa gharama. Mwaka 1761 waliivisha meli yao HMS Alarm mabamba ya shaba chini ili minyoo ya mbao na chaza wasiishambulie, baadaye wakakuta misumari ya chuma iliyogusa shaba imeliwa, ila pale palipokuwa na karatasi ya kahawia kati ya shaba na msumari, msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu! Kwa hiyo weka kitu kati, wosha ya mpira ama ya plastiki, kila mahali stenlesi inapokutana na alumini ama bati. Na saizi ina maana, skrubu ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini ina nafuu, lakini riveti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi italiwa yote.

Shaba na mfereji wa shaba njano nimeviacha mwisho kwa sababu havishindani na grili. Shaba ina elektroni 29, 2, 8, 18, 1. Moja tu nje kama sodiamu, na hazifanani hata kidogo, kwa sababu zile 10 za d hazizibi vizuri mvuto wa kiini chenye protoni 29. Kuing'oa hiyo moja ya sodiamu kwahitaji kilojuli 496 kwa moli, ya shaba 745. Na usidhani ni hilo tu, maana zinki ya kwanza ni 906, ngumu zaidi ya shaba, na bado majini zinki hutoa upesi kuliko shaba. Tofauti ni kwamba atomi za zinki hazijashikana sana zenyewe kwa zenyewe, huyeyuka nyuzi 420 wakati shaba ni 1,085, kuitoa atomi ya zinki kwenye metali ni kazi ndogo. Hii yaonekana nyumbani kwako. Mfereji wa shaba njano ni shaba na zinki, na kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, kama nyumba nyingi hapa, zinki yaondoka polepole na kubaki shaba ya rangi ya waridi yenye vitundu, unafungua siku moja wabaki na kichwa cha mfereji mkononi. Kwa maji ya kisima chagua mabomba ya plastiki, na mfereji uwe wa stenlesi 316 ama wa shaba iliyochanganywa na bati lile la kemia (tin), si la paa.

Kwa hiyo nikipewa nyumba inayotazama bahari Nyali ama Shelly Beach: paa bati la alumini lenye rangi, madirisha alumini ya anodaizi, grili 316 na wosha kila mahali. Nyumba ya ndani ndani, Mikindani ama Magongo, bati la alumini na zinki, na grili ya nondo nene ya chuma yatosha ukikubali kupaka rangi mara kwa mara. Pesa zikiwa kidogo mbele ya bahari, wacha chuma cha nje chote kiwe kinene na uweke hela ya rangi pembeni kila mwaka, 304 ya bei nafuu haikuokoi, heri chuma ambacho unajua utakipaka.

Na hiyo eesii (kiyoyozi) iliyobandikwa ukutani upande wa upepo, ndani yake bomba la shaba limebanwa na mapezi ya alumini, hilo ni betri tayari kutoka kiwandani. Nunua yenye mapezi yaliyopakwa, ioshe kwa maji matamu, na bomba la maji yake lisidondokee bati, maana maji yaliyopita kwenye shaba yakianguka juu ya zinki ama alumini yaacha shaba hapo na tundu laanza pale pale.